UTARATIBU WA KUFIKISHA MALALAMIKO YA KUNYIMWA NYUMBA AU KIHAMBA KWA UBAGUZI

Wananchi wa Moshi na miteremko ya Mlima Kilimanjaro, pamoja na watumishi wanaopokea malalamiko yao, wanaelezwa njia ya kufuata pale mtu anapoondolewa katika nyumba au kihamba kwa sababu tu ni mwanamke. Sheria zinazotajwa hapa ni za Tanzania Bara; Zanzibar ina zake.

Kwa mila za Kichagga, kihamba hurithiwa na watoto wa kiume, na nyumba ya baba huwa ya kitinda mimba. Hivyo mjane aliyepalilia migomba na kahawa miaka mingi huweza kuambiwa na shemeji zake, matanga yakiisha, arudi kwao. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, kifungu cha 20, inabatilisha mila yoyote inayowanyima wanawake, watoto au watu wenye ulemavu haki ya kumiliki, kukaa au kutumia ardhi. Kikao cha ukoo chaweza kupendekeza msimamizi wa mirathi. Hakina mamlaka ya kumfukuza mjane. Wala mjane asitie dole gumba kwenye muhtasari asiosomewa.

Mlalamikaji apambanue kwanza shauri lake. Ikiwa mirathi haijafunguliwa, aende mahakamani. Kwa mirathi ya kimila au ya Kiislamu ni Mahakama ya Mwanzo. Kuipeleka kwenye baraza la ardhi ni kupoteza muda bure.

Ikiwa ni mgogoro wa ardhi au nyumba, aanzie Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo kati ya wajumbe wake saba, watatu hawana budi kuwa wanawake, au Baraza la Kata. Achukue cheti cha ndoa, cheti cha kifo, stakabadhi na majirani wanaoyajua masale ya mpaka. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, Baraza la Kata husuluhisha tu, halitoi hukumu. Likishindwa, hutoa hati ya kuthibitisha hivyo; siku 30 zikipita bila usuluhishi, mlalamikaji aweza kwenda bila hati hiyo kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, lililoko Moshi mjini.

Asiyeridhika na uamuzi wa shauri lililoanzia hapo hukata rufaa Mahakama Kuu ndani ya siku 45.