Kompyuta Hai Yenye Kioo Cheusi

Mwalimu aiwashapo kompyuta ya shule, feni huvuma, alama ya kiwanda hutokea, kisha kioo huwa cheusi na kubaki hivyo. Wengi hukata shauri upesi kwamba mashine imekufa, au huifuta diski yote ili waanze upya; na pamoja nayo hupotea maksi na kazi za wanafunzi za mwaka mzima. Katika kompyuta zitumiazo mfumo wa Linux, hasara hiyo mara nyingi si ya lazima.

Chanzo cha giza

Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, ina kiini kinachoviamuru vifaa kwa njia ya programu ziitwazo viendeshi. Mashine iwakapo, programu ya awali iliyomo ndani yake huchora picha sahili, ndiyo ile alama ya kiwanda. Kisha kiendeshi cha kadi ya picha hushika usukani na kuchagua idadi ya nukta za kioo, kwa mfano 1920 kwa 1080, zikichorwa upya mara 60 kila sekunde. Kiendeshi kisipopatana na kadi au na kiini, makabidhiano hayo huvunjika. Hayo hutokea hasa kiini kinapobadilishwa kwa kipya, na kiendeshi kikabaki kile cha zamani. Picha hutoweka, ilhali sehemu nyingine za mashine zaweza kuendelea na kazi.

Upimaji

Alama iliyoonekana mwanzoni ni ushahidi tosha kwamba kioo na waya wake vilikuwa vikifanya kazi. Hatua ya kwanza ni kubonyeza Caps Lock: taa yake ikibadilika, kwa kawaida kiini kingali hai. Hatua ya pili ni kubonyeza pamoja Ctrl, Alt na F3. Yakitokea maandishi yanayouliza jina la mtumiaji, hitilafu imo katika sehemu ya madirisha na picha tu.

Giza likidumu, mashine huwashwa upya hadi kwenye menyu ya GRUB. Ikiwa imefichwa, huitwa kwa Shift au Esc. Hapo hubonyezwa herufi e, na mwishoni mwa mstari unaoanza na neno linux huongezwa neno nomodeset, kisha Ctrl na X. Neno hilo humzuia kiongozi mpya wa picha, yaani kiendeshi, kushika usukani. Badiliko hilo ni la safari moja tu, wala halidhuru diski. Picha ikitokea, hata kama ni ya kukwaruza, mshukiwa amepatikana.

Tiba

Kabla ya yote, kazi za wanafunzi zinakiliwe mahali pengine. Amri lspci -k huonyesha kadi na kiendeshi kinachotumika. Journalctl -b -1 husoma kumbukumbu za uwashaji uliotangulia, ikiwa zilihifadhiwa. Menyu ya GRUB mara nyingi huwa pia na kiini cha zamani: kikiwaka vizuri, kosa liko katika badiliko la karibuni, na dawa ni kuweka kiendeshi kipatanacho na kiini kipya.

Kanuni ni ile ile ya maabara ya fizikia: kubadili jambo moja kwa wakati mmoja. Abadiliye matatu kwa pamoja hatajua ni lipi lililoponya.