Blade Runner: Santuri Yenye Jina Sahihi na Muziki wa Wengine

Ukiuziwa santuri ya Blade Runner ya mwaka 1982, soma jalada lake kabla hujatoa pesa. Utakuta jina la New American Orchestra, waliopiga upya tungo za Vangelis, mtunzi wa muziki wa filamu hiyo. Ni santuri halali kabisa, ila kinachosikika humo sicho kilichosikika kwenye filamu.

Filamu yenyewe ilizaliwa kwa tabu. Ilitokana na riwaya ya Philip K. Dick ya 1968, na mwongozaji Ridley Scott alivutana sana na wenye fedha. Watazamaji wa majaribio waliponung'unika, ikaongezwa sauti ya msimulizi na mwisho wa furaha. Vangelis alirekodi muziki kwenye studio yake ya Nemo, London, akiegemea sinthesaiza ya Yamaha CS-80. Orodha ya majina mwishoni mwa filamu iliahidi albamu kutoka Polydor. Albamu ya Vangelis ilikuja kutoka 1994, miaka 12 baadaye, tena kwa kampuni nyingine.

Penye njaa hapakosi mchuuzi. Mwaka 1993 ilizuka diski haramu yenye chapa ya Off World Music, ikiwa na vipande vingi kuliko albamu rasmi iliyofuata. Ndiyo maana wakusanyaji bado wanaitafuta, haramu au si haramu.

Hiyo ya 1994 nayo ina vituko vyake. Kipande cha kwanza kinaanza na sauti ya mwigizaji Harrison Ford akiiamuru mashine ikuze picha, maneno ya katikati ya filamu yaliyobandikwa juu ya muziki wa mwanzo. "Rachel's Song", anayoimba Mary Hopkin, haimo kabisa kwenye filamu. Kinyume chake, kinubi kinachosikika wapanda baiskeli wakipita mtaani hakimo kwenye albamu: kilitoka kwenye santuri ya Gail Laughton ya 1969, nayo sasa inasakwa kwa sababu hiyohiyo.

Mwaka 2007 zikatoka diski tatu pamoja. Ya kwanza ni ileile ya 1994, ya tatu ni tungo mpya. Utamu uko kwenye ya pili, yenye vipande vilivyokuwa vimefungiwa. Anayeanza leo anunue hizo tatu. Ya 1982 aichukue ikiwa rahisi tu, na asikubali kuuziwa kama adimu.