Gredi ya Pili: Masomo Saba, Kazi Tatu

Mzazi wa Nkubu kule Meru au Runyenjes kule Embu akifungua begi la mtoto wa gredi ya pili hukuta vitabu tele: Kiingereza, Kiswahili, Hisabati, Dini, Mazingira, Sanaa, na pengine Kimeru au Kiembu. Humwonea huruma mtoto wa miaka saba. Lakini yanayofundishwa mwaka huo ni machache kuliko majalada yanavyoonyesha. Mtoto anajifunza kusoma bila kukwamakwama, kuhesabu hadi mia moja huku akielewa anachohesabu, na kutazama mazingira yake kisha aeleze alichokiona. Kazi hizo tatu ndizo zinazorudi katika kila kipindi cha dakika 30, hata jina la somo libadilike namna gani.

Mtaala wa umilisi uliingia katika shule zote nchini Kenya Januari 2019, ukianzia kwa watoto wa madarasa ya chini, ili uchukue nafasi ya mfumo wa 8-4-4 uliokuwapo tangu 1985. Baada ya ripoti ya 2023 ya jopo la mageuzi ya elimu lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu, masomo ya gredi ya kwanza hadi ya tatu yalipunguzwa kutoka tisa hadi saba, na usafi na lishe vikaingizwa ndani ya Mazingira. Uamuzi huo ulikuwa wa busara. Kunawa mikono kabla ya kula si jambo la kutengewa kitabu chake.

Kusoma ndiko kunakobeba mengine yote. Tangu mradi wa Tusome uanze mwaka 2015, msomaji fasaha wa kiwango hiki anatarajiwa kusoma maneno 65 kwa dakika kwa Kiingereza na 45 kwa Kiswahili. Wazazi huuliza mbona Kiswahili kimepewa idadi ndogo. Ni kwa sababu neno moja la Kiswahili, kama “hawakutuona”, limebeba sentensi nzima, na mtoto hulisoma silabi kwa silabi. Tena kasi inapimwa kwa sababu nzuri: anayesoma polepole mno hufika mwisho wa sentensi akiwa ameshasahau mwanzo wake, basi hata swali jepesi la Mazingira humshinda. Shirika la Uwezo lilipoanza kupima watoto nyumbani kwao mwaka 2009, lilitumia maswali ya kiwango cha darasa la pili, na katika tafiti zake likaona kwamba kati ya watoto kumi wa darasa la tatu, ni takriban watatu tu walioyaweza. Mtoto akivuka mwaka huu bila kujua kusoma, masomo ya mbele hayamsubiri.

Hapa ndipo Meru na Embu zina jambo lao. Sera inataka mtoto wa gredi ya kwanza hadi ya tatu afundishwe kwa lugha ya eneo la shule. Mjini Meru, Embu au Timau, kwenye mchanganyiko wa watu, lugha hiyo huwa Kiswahili. Kule Kianjai au Kiritiri ni lugha ya nyumbani. Shule nyingi hukigeuza kipindi cha lugha hiyo kuwa Kiingereza cha ziada, na wazazi hushangilia. Mimi nasema wanamnyang'anya mtoto ngazi. Mtoto anayejua kuunganisha herufi na sauti katika lugha anayoiota usingizini hahitaji kufundishwa upya kazi hiyo katika Kiswahili. Hufundishwa tofauti tu. Kimeru na Kiembu zina irabu saba, zikiwemo ĩ na ũ, ilhali Kiswahili kina tano. Kiembu hakina l, kwa hiyo mtoto wa Manyatta ataandika “karamu” akimaanisha kalamu. Mwalimu anayekijua Kiembu hamwiti mzembe. Humwonyesha ulimi unapogusa, wakarudia pamoja, kosa likaisha. Ugumu upo, sikatai: maandishi ya Kimeru yameegemea sana Kiimenti, na mtoto wa Igembe hukutana na maneno yasiyo ya kwao. Mwalimu hana budi kutaja neno la kitabuni na la kwao mtoto.

Katika Hisabati, jambo kubwa la mwaka ni kumi. Chukua 37 kuongeza 8. Mtoto apewe vijiti, afunge mafungu matatu ya kumi na kuacha saba. Aongeze vinane, apate kumi na vitano vilivyolegea, afunge kumi kati ya hivyo kuwa fungu la nne, vibaki vitano: 45. Aliyefunga vijiti kwa mkono wake anajua ile moja “inayobebwa” ni kumi. Aliyekariri tu huibeba kama moja, na mkanganyiko huo humfuata hadi darasa la juu. Vipimo navyo vinaanza hapa, mita, kilo na lita, pamoja na fedha hadi shilingi 100. Mtoto wa jirani na kiwanda cha majani chai cha Githongo au Rukuriri amesikia habari za kilo kila jioni mzazi akirudi kutoka kituo cha kuuzia majani. Mwalimu aanzie hapo.

Mazingira hufundishwa nje: udongo, maji, mimea, wanyama, hali ya hewa. Mtoto wa Mbeere, kwenye ukavu, na wa miteremko ya Mlima Kenya wataeleza mvua tofauti, na wote watakuwa sahihi. Sanaa na michezo nazo si mapumziko. Mkono unaofinyanga udongo ndio unaoshika penseli vizuri.

Ripoti ya muhula haitoi nambari ya darasani. Hutaja kama mtoto amezidi matarajio, ameyafikia, anayakaribia au yuko chini yake. Usiishie hapo. Mpe mtoto kifungu kifupi cha Kiswahili ambacho hajawahi kukiona, asome kwa dakika moja, kisha akusimulie. Halafu mpe noti ya shilingi 50, anunue kitu dukani cha shilingi 35, akwambie chenji kabla muuzaji hajamrudishia. Akikwama kwenye kusoma, sikiliza anakwama wapi: ni kwenye mb, kwenye ng', au ni kwenye maneno marefu tu? Mwambie mwalimu hivyo hivyo. Ukisema “hajui kusoma”, mwalimu hajui pa kuanzia. Ukisema hutatizwa na mb na ng', kesho yake ana somo la kufundisha.