Shuka Coasto na Baiskeli, Shuka Solo

Desemba ikigonga, mtaa wote huwa na story moja: tunashuka Coasto lini? Fare ya basi inapanda kila siku, SGR inajaa mapema, na hata tiketi yake ya kawaida ilitoka thao ikafika 1,500 Januari 2024. Halafu cheki venye safari yenyewe huendanga. Unapanda basi usiku, unajifunika shuka, mnasimama Mtito Andei unakunywa chai, unazima tena, ukifungua macho ni minazi ya Mazeras. Karibu kilomita 480 zimepita na hujaona hata moja.

Hizo kilomita ndio mi nazipigia debe. Zishuke na baiskeli, mchana, na uzishuke solo.

Msimu kwanza. Wasee wa Ulaya hukimbilia bahari Juni ju ndio jua lao liko juu. Sisi Nai tuko kusini kidogo tu ya ikweta, kiangazi ka chao hatuna, lakini Desemba ndio poa kwa baiskeli. Siri iko kwa upepo. Katikati ya mwaka ni kusi inavuma, inakuchapa kwa uso, unakanyaga pedeli na hausongi. Desemba kaskazi imeshika. Inatoka kaskazini-mashariki na we unaelekea kusini-mashariki, so inakugonga bega la kushoto tu. Tena Nai iko zaidi ya mita 1,600 juu, na unamalizia kwa maji ya chumvi. Vilima ziko, mguu utaziskia, lakini kwa jumla unashuka.

Nai hadi Athi River sina story mob. Toka kukipambazuka, pita hizo vumbi za simiti, songa. Barabara ni pana hadi junction ya Machakos. Ukipita hapo inabaki leni moja kila upande, na sasa unaanza kuishi na trela.

Ukambani ndio hunishika roho. Sultan Hamud, town yenye ilipewa jina la sultan wa Zanzibar enzi za kujenga reli, ukiangalia kulia asubuhi bila mawingu unaona Kilimanjaro imekaa pale na theluji yake. Desemba embe za Makueni zimeiva, zinauzwa kwa ndoo kando ya lami. Kula mbili, jaza chupa maji, unaamka upya. Halafu kuna wenye barabara wenyewe: mzae kwa baiskeli ya Black Mamba, mitungi ya maji imefungwa nyuma, anapanda kilima bila gia hata moja. Mtu akikushow baiskeli ni ya wasee wamesota, mpeleke Emali akaone hizo miguu. Chris Froome alizaliwa Nai, akafunzwa kuendesha na David Kinjah huko Kikuyu kabla ashinde Tour de France mara 4. Huu mchezo ni wetu kitambo.

Makindu usipite. Kuna hekalu la Masingasinga, gurudwara, iko hapo kando ya barabara tangu 1926, na ilianza ju ya Masingasinga waliokuwa wanafanya kazi ya reli. Msafiri yeyote, dini yoyote, anapewa msosi bure: chapo, dengu, mboga, chai. Hadi vyumba vya kulala ziko, unaacha sadaka ukipenda. Unavua viatu, unafunika kichwa, unaketi na watu hujawahi kuwaona. Fegi na pombe acha nje.

Hapo ndio utashika kwa nini nasisitiza solo. Mbogi ikiingia town inapiga story yenyewe kwa yenyewe, inamanga, inatoka. Ukiwa peke yako, watu wanakujia. Mathee wa kibanda Kibwezi atakuuliza, "Mwanangu, umetoka wapi na hiyo baiskeli?" Ukimwambia Nai anashika kichwa, anakuongezea ndengu kwa sahani, na hiyo nyongeza anakataa doo yake. Lakini solo si kupotea. Kuwa na beshte mmoja mwenye unamtumia mahali umefika kila jioni.

Mtito hadi Voi ni karibu kilomita 95, na hapo heshima ni lazima. Tsavo Mashariki iko kushoto, Tsavo Magharibi kulia, lami inapita katikati. Ndovu wa huku ni wekundu ju ya kuoga udongo wa hapo. Karibu na daraja la mto Tsavo ndio 1898 simba wawili walikula wajenzi wa reli hadi Patterson, injinia wa hilo daraja, akawapiga risasi, wote wawili Desemba hiyo hiyo. Saii wako Field Museum, Chicago, lakini ukoo wao bado uko kichakani. So toka Mtito jua likiwa limetoka kabisa, ingia Voi kabla ya saa kumi jioni. Ukiona ndovu karibu na lami, simama mbali, omba dere wa lori akuzibe, mpite pamoja. Beba maji lita nne, ju maduka katikati ni za kuhesabu.

Pancha nayo haitoki kwa miba pekee. Tairi za trela zikipasuka huacha vipande vya waya kando ya barabara, vyembamba ka sindano, na ndio humaliza tyubu. Fundi wako kila town, lakini wana spea za Black Mamba. Tyubu ya baiskeli ya resi usitegemee kuipata Emali. Toka Nai na zako mbili, solushoni, vibandiko, pampu na kiungo cha cheni.

Voi kushuka ni nyika: Maungu, Mackinnon Road, Taru, Samburu, mibuyu na jua. Mackinnon Road kuna msikiti wa Sayyid Baghali kando ya reli, wasafiri husimama kuomba. Tafuta kivuli hapo saa sita. Mariakani joto linageuka la unyevu, shati inashika mgongo, trela zimepanga laini ya mizani. Enda pole. Mazeras minazi inaanza, Changamwe, Makupa, na uko kisiwani. Vuka Nyali uende Public Beach, ama shika feri ya Likoni uteremke Diani. Ingia maji na jezi yako hiyo hiyo. Mahamri na mbaazi zitangoja asubuhi.

Ka we ni mgeni, usilazimishe siku tatu. Gawa nne ama tano, na usiendeshe usiku hata kipande.

Na nyinyi madere wa trela, wa mabasi, na wa moti za familia mnashuka Krismasi: tuachieni mita moja na nusu mkipita. Wizara ya barabara nayo irudishe lami ya pembeni penye imemegwa, kutoka junction ya Machakos hadi Mariakani. Wazae wa mitungi wanaitumia kila siku, si Desemba pekee.