Bima ya afya kwa wote Tanzania: Kwa nini muswada uliokosa wapinzani ulikwama bungeni?

Kwa msikilizaji wa Palma, Kionga au Mocímboa da Praia, habari za Bunge la Dodoma si habari za mbali. Mto Ruvuma hugawa nchi mbili, lakini haukugawa koo. Tangu mashambulizi ya watu wenye silaha yaanze Mocímboa da Praia mwezi Oktoba 2017, vituo vingi vya afya vya kaskazini mwa Cabo Delgado viliharibiwa au kufungwa, na miongoni mwa waliokimbia wapo waliotafuta usalama ng'ambo, upande wa Mtwara. Namna jirani anavyoamua nani atibiwe na nani alipe ni jambo linalostahili kueleweka.

Tanzania Bara iliamua jambo hilo kwa sheria mwaka 2023, lakini safari ya sheria yenyewe ilichukua zaidi ya mwaka mmoja, na mara mbili ilikatizwa njiani.

Muswada ulitaka nini?

Muswada wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ulisomwa bungeni kwa mara ya kwanza mwezi Septemba 2022. Wakati huo ni takriban asilimia 15 tu ya Watanzania waliokuwa na bima ya aina yoyote. Waajiriwa wa serikali walikuwa katika Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999. Wakulima na wavuvi walikuwa na Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, ambao kaya ya watu sita ililipia shilingi 30,000 kwa mwaka na kupata huduma chache. Waliosalia walilipa fedha taslimu kila walipougua.

Serikali ilitaka kila mkazi ajiunge, na hoja yake ilikuwa ya kihesabu. Bima husimama pale wazima wengi wanapochangia ili wagonjwa wachache watibiwe. Wakijiunga wagonjwa peke yao, mfuko hukauka. Hilo lilidhihirika mwezi Machi 2023, NHIF iliposimamisha usajili wa mtoto mmoja mmoja kupitia Toto Afya Kadi, iliyokuwa ikilipiwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Maelezo ya mfuko yalikuwa kwamba wazazi wengi waliandikisha watoto waliokwisha kuugua. Wazazi nao walilalamika kwamba mlango umefungwa kabla mwingine haujafunguliwa.

Mvutano ulitoka wapi?

Mtu angetarajia muswada wa serikali upite bila taabu. Baada ya uchaguzi wa mwaka 2020, karibu viti vyote vya Bunge vilikuwa mikononi mwa chama tawala, CCM. Hata hivyo, ulipotarajiwa kujadiliwa mwezi Novemba 2022, uliahirishwa. Mwezi Februari 2023 ukawekwa kando kwa mara ya pili.

Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza ni namna ya kumlazimisha mtu asiye na ajira rasmi. Rasimu ilipendekeza kuifungamanisha bima na huduma nyingine za umma, kama vile leseni ya udereva, leseni ya biashara na hati ya kusafiria. Wakosoaji waliuliza: je, ni haki mtu anyimwe leseni inayompatia riziki kwa sababu hana fedha za bima? Kiwango kilichotajwa wakati huo kilikuwa shilingi 340,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, zaidi ya mara kumi ya mchango wa CHF. Nje ya Bunge, chama cha ACT Wazalendo kilitetea njia nyingine, ya kuunganisha bima ya afya na hifadhi ya jamii.

Sababu ya pili ndiyo iliyoukwamisha hasa: nani atawalipia wasio na uwezo? Kwa mujibu wa utafiti wa serikali wa mwaka 2017/18, asilimia 26.4 ya wananchi wa Tanzania Bara waliishi chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi. Muswada uliahidi kwamba watu wa namna hiyo watagharamiwa, ila haukuonyesha chanzo mahususi cha fedha. Hapo ndipo kazi ya kamati ya Bunge ilipokuwa na uzito. Wabunge wa chama kilekile cha serikali hawakuhitaji kupiga kura ya kupinga. Ilitosha kudai fedha ionekane kwanza. Mazungumzo yakaendelea kati ya kamati, Wizara ya Afya na Hazina, mbali na masikio ya umma.

Kilichofungua njia

Muswada ulirudi na kupitishwa tarehe 2 Novemba 2023, na Rais Samia Suluhu Hassan akautia saini mwezi huohuo. Safari hii vyanzo vilitajwa kwa majina, miongoni mwake ushuru wa vinywaji vyenye kaboni, pombe na vipodozi, pamoja na tozo katika michezo ya kubahatisha. Fedha hizo ni za mfuko maalumu wa kuwagharamia wasio na uwezo.

Kwa upande wa Msumbiji, njia ilikuwa tofauti kabisa. Tarehe 24 Julai 1975, mwezi mmoja baada ya uhuru, Rais Samora Machel alitangaza kutaifishwa kwa huduma za afya. Hapakuwa na michango wala kadi. Dola ilibeba mzigo, na sheria ya mwaka 1977 ikaimarisha msimamo huo. Mwaka 1991, nchi ikiwa bado vitani na ikibanwa na masharti ya wakopeshaji, tiba ya binafsi iliruhusiwa tena. Hadi leo mgonjwa wa hospitali ya umma hulipa kiasi kidogo tu, kwa kuwa gharama kubwa hutoka katika bajeti ya serikali na kwa wafadhili. Udhaifu wa mfumo huo hauonekani dirishani pa malipo. Huonekana kwenye rafu ya dawa inapokuwa tupu.

Je, sheria imemaliza mjadala?

La. Tarehe 1 Machi 2024, baadhi ya hospitali binafsi nchini Tanzania zilisitisha kuwahudumia wanachama wa NHIF, zikipinga bei mpya ambazo mfuko ungezilipa. Wenye kadi, waliokwisha kuchangia, walijikuta wakiambiwa walipe taslimu au waende kwingine. Mvutano uliokuwa bungeni ulikuwa umehamia mapokezi ya hospitali.

Mvuvi wa pwani hii, ambaye kipato chake hufuata msimu, anaweza kuipima ahadi ya bima kwa maswali matatu. Je, mchango unaweza kulipwa wakati wa kaskazi na wa kusi pia? Je, fedha za maskini zimetengwa kwa sheria, au zinangoja huruma ya bajeti ya kila mwaka? Na kadi ikifikishwa dirishani, inapokewa? Bunge la Dodoma lilichelewa zaidi ya mwaka mmoja kwa sababu ya swali la pili. La kwanza na la tatu hayajibiwi kwa kura.