Mali bila daftari: Nodi ya Bitcoin nyumbani na faida yake ya kweli

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Wosia huo walipewa wenye maduka na mashamba, lakini leo wawahusu pia wananchi, hasa vijana wetu, walioanza kuweka akiba zao katika sarafu za kompyuta, na hususan ile iitwayo Bitcoin. Wengi wao wanayo mali, au wanaambiwa kwamba wanayo, ila daftari limo mikononi mwa mtu mwingine. Wakitaka kujua wana kiasi gani humwuliza mtu huyo, naye akiisha kuwajibu hawana budi kumsadiki.

Kutokana na hali hiyo imeenea habari ya mashine ndogo ya kuweka nyumbani, iitwayo nodi. Mengi ya kupotosha yamesemwa juu yake, na kubwa kuliko yote ni kwamba mashine hiyo huzaa fedha usiku kucha, mwenye nyumba akiwa amelala. Nia ya makala haya ni kueleza nodi ni kitu gani, huundwaje, na familia inayokusudia kutoa fedha zake kuinunua itarajie kupata nini.

DAFTARI LISILO NA KARANI MMOJA

Bitcoin ilianza kufanya kazi tarehe 3 Januari, 2009, miezi michache baada ya andiko lililotolewa Oktoba, 2008, kwa jina la Satoshi Nakamoto, ambaye hadi leo hajulikani kwa yakini ni nani. Sarafu hiyo haina benki kuu wala karani mkuu. Kila malipo huandikwa katika daftari moja la pamoja, na nakala kamili za daftari hilo zimo katika maelfu ya kompyuta duniani. Kila kompyuta ya namna hiyo ndiyo huitwa nodi.

Malipo hukusanywa katika mafungu yaitwayo bloki, na kwa wastani bloki moja huongezwa kila baada ya dakika 10. Wanaoziunda bloki huitwa wachimbaji, nao hutumia mitambo maalumu ambayo mmoja tu waweza kula umeme wa zaidi ya wati 3,000. Ujira wa bloki moja, tangu Aprili, 2024, ni Bitcoin 3.125 pamoja na ada za malipo yaliyomo. Idadi ya sarafu zote imewekewa mpaka wa milioni 21.

Nodi haichimbi. Kazi yake ni ukaguzi. Bloki inapoletwa, nodi huangalia kama aliyelipa alikuwa na haki ya kulipa, kama sarafu ile ile haikutumiwa mara mbili, na kama mchimbaji hakujiongezea ujira. Ikiona kasoro huikataa bloki hiyo, hata kama imetoka kwa tajiri mkubwa wa namna gani. Kwa kazi hiyo mwenye nodi halipwi hata senti moja.

VIFAA NA UTENGENEZAJI

Ukaguzi huu hauhitaji mtambo mkubwa. Watu wengi hutumia kikompyuta cha bodi moja kiitwacho Raspberry Pi, kilichobuniwa Cambridge, Uingereza, na kuanza kuuzwa mwaka 2012 kwa nia ya kuwafundisha watoto kompyuta. Umbo lake halizidi sana kadi ya benki. Chafaa cha aina ya 4 au ya 5, chenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 au 8.

Kifaa cha pili ni diski. Daftari la Bitcoin limekwisha kupita gigabaiti 600, nalo huongezeka kila siku. Kwa hiyo ni busara kununua diski ya SSD ya terabaiti 2. Kadi ndogo ya kumbukumbu yatosha kuwekea mfumo wa kuendeshea kompyuta, lakini daftari lisiandikwe humo, kwani kadi hizo huchakaa upesi kwa kuandikwa mfululizo. Diski ichomekwe katika tundu la USB lenye rangi ya buluu, ambalo ndilo lenye kasi zaidi. Kifaa cha tatu ni chaja inayostahili: Raspberry Pi ya 4 huhitaji volti 5 na ampea 3, na ya 5 huhitaji volti 5 na ampea 5. Chaja dhaifu ya simu huifanya mashine izimike ovyo.

Vifaa vikiisha kupatikana, mfumo wa kuendeshea huandikwa kwenye kadi, kisha programu ya Bitcoin Core huchukuliwa kutoka tovuti ya bitcoincore.org. Hapa pana jambo ambalo wengi hulipuuza. Kabla ya kuitumia programu hiyo, yapasa kulinganisha alama yake ya SHA-256 na ile iliyochapishwa na watengenezaji, na kuzihakikisha saini zao. Mtu anayeweka nodi ili asidanganywe, kisha akapokea programu kutoka kwa asiyemjua bila kuikagua, amefunga mlango na kuacha dirisha wazi.

Baada ya hapo nodi huanza kulipakua na kulikagua daftari lote tangu bloki ya kwanza ya mwaka 2009. Kwa kikompyuta kama hiki kazi hiyo huchukua siku kadhaa, na haifai kuikatiza. Yafaa ieleweke kwamba, kwa kuokoa muda, programu haikagui upya saini za malipo ya zamani sana; anayetaka kila saini ikaguliwe huweka agizo la assumevalid=0, naye hana budi kungoja zaidi.

GHARAMA ZISIZOTAJWA NA WAUZAJI

Umeme si tatizo kubwa. Mashine inayotumia wati 10 usiku na mchana hula uniti 7.2 kwa mwezi. Mzigo ulio mzito ni intaneti. Kupakua gigabaiti zaidi ya 600 kwa vifurushi vya simu ni kujitia hasarani. Kazi hii yawafaa wenye mtandao wa malipo ya mwezi usio na kikomo. Lipo agizo la prune, linaloiwezesha nodi kuzifuta bloki za zamani ikiisha kuzikagua, hata ikahitaji diski ndogo tu. Lakini hata hivyo daftari lote sharti lipakuliwe kwanza. Kinachopungua ni nafasi, sio upakuaji. Kadhalika agizo la maxuploadtarget husaidia kupunguza kiasi ambacho nodi yako huwapelekea wenzake.

Penye kukatika umeme mara kwa mara, betri ya akiba ni ya lazima, kwani kuzimika kwa ghafula huweza kuliharibu daftari, na kulijenga upya ni kazi nyingine ya siku nyingi.

FAIDA YAKE NI IPI?

Faida ya kwanza ni uhakika. Anayeiunganisha pochi yake na nodi yake mwenyewe huona kwa macho yake kama malipo yamefika, wala hamwulizi mtu. Ya pili ni siri: anayetegemea mashine ya mwingine humfunulia huyo mwingine hesabu zake zote. Ya tatu ni kauli. Mwezi Mei, 2017, makampuni zaidi ya 50, pamoja na wachimbaji wenye sehemu kubwa ya nguvu za uchimbaji, yalikubaliana mjini New York kwamba nafasi ya bloki iongezwe maradufu. Wengi wa wenye nodi hawakukubali kuibadili programu yao, na tarehe 8 Novemba, 2017, wenye mpango ule walitangaza kuusimamisha kwa kukosa mwafaka. Ukubwa wa mtaji haukutosha. Walihitajika pia wakaguzi wadogo majumbani.

Hata hivyo nodi ina mipaka yake. Hailindi bei: Bitcoin moja iliyokaribia dola 69,000 Novemba, 2021, ilishuka chini ya dola 16,000 mwaka mmoja baadaye. Hairudishi sarafu iliyopelekwa kwa tapeli. Haimsaidii aliyepoteza maneno 12 au 24 ya kufungulia pochi yake, wala aliyeyatoa kwa mtu mwingine. Maneno hayo yaandikwe kwenye karatasi na kufichwa, yasipigwe picha. Wala haibadili sheria za nchi. Novemba, 2019, Benki Kuu ya Tanzania iliutahadharisha umma kwamba sarafu za namna hii hazitambuliwi kuwa fedha halali nchini, na mwaka 2024 Sheria ya Fedha iliweka kodi ya asilimia 3 juu ya malipo ya kuhamisha mali za kidijitali.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, jambo hili lizungumzwe na mume na mke kabla ya fedha kutoka. Kama nyumba haina Bitcoin, nodi ni shule nzuri ya kompyuta kwa vijana, basi. Isinunuliwe kwa fedha ya ada wala ya chakula. Kama wanayo akiba humo, nodi yawapa daftari lao wenyewe, nalo si jambo dogo. Lakini akitokea mtu mlangoni akiwauzia mashine hiyo kwa ahadi ya faida ya kila mwezi, na aulizwe swali moja tu: fedha hizo zitalipwa na nani? Bitcoin haina mlipaji wa nodi. Kama fedha hizo zitalipwa kweli, basi zitatoka mifukoni mwa wanunuzi watakaofuata, na siku wakikosekana wanunuzi hao, malipo nayo yatakoma.