Ukilala parkeni ndani ya motoka, funga chakula

Leo siongei juu ya mbolea. Mwezi wa 8 nililala usiku 3 katika parke ya Murchison Falls, Uganda, ndani ya motoka yenye kitanda na jiko. Wazee wawili wageni walinichukua niwe mtafsiri wao. Toka Kpandroma si mbali sana: unapita Mahagi, unavuka mpaka pa Goli, halafu Nebbi na Pakwach. Ukivuka daraja la Nile, mlango wa Tangi uko karibu.

Faida ya motoka ya kulala ni kwamba hauna haraka. Wageni wengine wanakimbizana. Simba mmoja, motoka kumi. Sisi tulizima mota, tukakunywa chai, tukangoja. Nyama wa pori wanaona motoka kama kitu kimoja kikubwa. Ikitulia, na watu wakibaki ndani, wengi hawaikimbii. Twiga walipita karibu kabisa. Usiku kiboko anatoka majini kula majani, anaweza kumaliza kilo 40. Tulimsikia akikata majani pembeni ya gurudumu, hakuna aliyetoka hata kukojoa!

Siku ya pili, pahali pa kulala, jirani mmoja alirushia nyani ndizi. Watu walicheka, hata mimi. Jioni nyani wale wale wakarudi, mmoja akaingia kwa dirisha letu na kupasua mfuko wa unga.

Hapo njo nikakumbuka shangazi yangu, aliyeolewa upande wa Pakwach. Tembo walimumalizia mahindi kwa usiku mmoja. Mahindi yale yalikuwa minerval ya watoto.

Juu ya nini tembo aache pori lote, afuate shamba? Hapa agronomia inajibu. Mimea ya pori inajilinda: iko na nyuzi ngumu, uchungu, miiba. Sisi wakulima, kwa maelfu ya miaka, tumechagua mbegu laini na tamu. Tulijichagulia sisi, lakini tembo naye anaonja utamu ule ule. Kwa siku anahitaji kilo 150 hivi za chakula. Shambani anashiba haraka. Na pua yake! Mwaka 2014 watafiti walihesabu jeni zake za kunusa karibu 2,000, zaidi ya mara mbili ya mbwa.

Kweli, ndizi ya nyani haikukula mahindi ya shangazi. Lakini somo ni moja: chakula cha watu ni kitamu, na watu hawana ubaya. Nyama akishajifunza hivyo, mgeni anarudi kwao na picha. Anayebaki naye ni mkulima, na mara nyingi mwisho ni risasi ao mtego.

Kwa hiyo, siku utapata nafasi ya kulala parkeni:
- Chakula kikae ndani ya sanduku ngumu, si chini ya motoka.
- Madirisha yafungwe, hata ukitoka dakika mbili.
- Maganda na takataka, urudi nazo.
- Usimpe nyama yeyote kitu, hata mtoto akilia anataka kuona.

Mimi nilicheka siku ile, na shangazi sijamwambia bado. Na ninyi wa Mahagi, wa Aru, wa karibu na Garamba: kwenu nyama gani anaingia mashambani, na mnamzuia namna gani? Andikeni, tujifunze.